Sura ya Tano: Biashara Ipo Sebuleni, Bima Ipo Wapi?

"Nyumba tayari ina bima, na biashara imo humo humo ndani. Sasa nikate nyingine ya nini?"

Swali hili linatoka kwa waoka keki wa Tabata, mafundi cherehani wa Mbagala, wenye saluni za barazani kule Morombo, na kina mama wenye friji tatu za juisi na barafu ukumbini huku watoto wakiandikia kazi za shule juu ya friji mojawapo. Ni swali la haki. Mtu ameshalipa mara moja, haoni kwa nini alipe mara mbili. Bahati mbaya wengi hulipata jibu siku ambayo hawakulitaka: bima ya nyumba hukinga maisha ya nyumbani. Kazi inayoingiza fedha humo ndani haiijui, isipokuwa uliitaja na kampuni ikaikubali kwa maandishi.

Kampuni inaijua nyumba uliyoisema

Twende taratibu. Unapokata bima unailipa kampuni fedha iitwayo ada ya bima, mara nyingi ya mwaka mmoja mmoja. Kampuni nayo inaahidi kukulipa fidia, yaani kukurudishia thamani ya ulichopoteza, yakitokea majanga yaliyotajwa kwenye mkataba. Ada hiyo haipangwi kwa kubahatisha. Kampuni huangalia ukuta ni wa matofali au wa mabati, jirani ana shughuli gani, ndani kunafanyika nini, ndipo inataja bei. Na karibu yote hayo inayapata sehemu moja: fomu ya maombi, ile karatasi unayojaza kabla ya kulipa.

Tuchungulie jinsi fomu hiyo inavyojazwa. Wakala amekaa kwenye kochi, fomu iko gotini, ana haraka ya kuwahi mteja mwingine.

"Nyumba inatumika kwa makazi tu, mama?"

"Makazi tu, baba."

Tiki inawekwa. Nyuma ya pazia oveni ya trei mbili inawaka, na harufu ya vanila imefika mpaka barazani. Wakala ameisikia, hata kipande ameshaonjeshwa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mama anaishi pale kweli, na keki kwake ni kajishughuli tu ka kusukuma siku. Lakini moto ukitokea, anayekuja si wakala yule. Anakuja mkadiria hasara, mtaalamu anayetumwa kuchunguza chanzo na ukubwa wa hasara, na macho yake yanaona trei kumi na mbili zilizoungua, mifuko sita ya unga ya kilo 25 na stendi za keki za ghorofa tatu. Hana haja ya kuuliza.

Bima imejengwa juu ya msingi unaoitwa uaminifu wa hali ya juu. Maana yake, mwombaji anatakiwa kueleza kila jambo zito linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni wa kukubali au kupanga bei, hata kama fomu haikuliuliza waziwazi. Usipolisema, kampuni inaweza kuuhesabu mkataba kuwa haukuwahi kuwapo. Nasema mkataba wote. Biashara isiyotajwa inaweza kuondoka na kinga ya kitanda, televisheni na kabati la nguo. Na fomu ikijazwa na wakala, sahihi ya chini bado ni yako.

Chukua suala la gesi. Mikataba mingi ya bima ya moto, hasa yenye maneno ya zamani yaliyorithiwa kutoka Uingereza, hukinga mlipuko wa gesi inayotumika kwa shughuli za nyumbani. Hayo maneno "shughuli za nyumbani" ndiyo yenye miiba. Mtungi wa kilo 15 unaochemsha chai asubuhi ni wa nyumbani, hakuna ubishi. Mchana ukioka oda ya keki za harusi, kampuni ina haki ya kuuliza mtungi huo ni wa shughuli gani.

Kwa nini watu hawasemi? Wengine wanaogopa watoza kodi wa TRA, wengine hawana leseni ya biashara, wengine wanaona ada itapanda. Hofu hizo nazielewa, lakini zinafanya kazi upande mbaya. Kampuni ya bima haikusanyi kodi. Kuhusu leseni na namba ya mlipakodi, ukweli ni kwamba kampuni nyingi zitaviomba, ama siku ya kukata bima ama siku ya kudai, na kuviomba siku ya kudai ndiko kunakouma. Kuhusu ada, uliza kwanza ndipo ulalamike. Kwa biashara ndogo, nyongeza mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na zipo kampuni ambazo zinaongeza tu kipengele cha biashara kwenye bima ile ile ya nyumba badala ya kukuuzia mkataba wa pili.

Mpangaji ana hadithi yake. Huwezi kukata bima ya jengo la mwenye nyumba kana kwamba ni lako, maana bima hukatwa na yule ambaye kitu kikiharibika anaumia mfukoni. Wewe unakata ya vyombo, mashine na bidhaa zako. Jengo ni la mwenye nyumba. Ila tazama upande wa pili: moto ukianzia kwenye oveni yako ukaunguza paa lake, yeye au kampuni yake ya bima anaweza kukugeukia wewe. Mpangaji anayefanya kazi ya moto ndani ya nyumba ya watu ana sababu kubwa zaidi ya kufikiria dhima, neno tutakalolifikia.

Kwa ufupi: kabla ya kuuliza bei, itaje biashara, na uhakikishe imeandikwa kwenye mkataba. Kukubaliwa kwa mdomo na wakala hakutakusaidia.

Hasara ipi itakumaliza?

Watu wengi huchagua bima kwa kukumbuka hasara ya mwisho iliyowapata. Blenda iliungua, basi wanataka bima ya blenda. Huo ni mwanzo mbaya. Blenda utanunua nyingine kwa faida ya wiki mbili, na hata kampuni ikilipa, kuna sehemu ya kila hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe mwenyewe; mawakala huiita eksesi. Kwa hasara ndogo, eksesi inaweza kumeza fidia yote, ukabaki na safari za ofisini tu.

Bima ya maana ni ile inayosimama mbele ya hasara itakayokufungia biashara. Ili uijue, pita chumba hadi chumba na simu mkononi, piga picha kila kitu cha kazi, kisha andika bei ya kukinunua leo. Orodha ya mwoka keki wetu wa Tabata, kwa namba za mfano, inaweza kuonekana hivi:

- oveni ya gesi: shilingi 1,800,000
- mashine kubwa ya kuchanganyia: 1,200,000
- friji mbili za kugandisha: 2,000,000
- trei, mikebe, stendi na mapambo: 900,000
- unga, sukari, siagi na krimu: 1,100,000
- simu na kompyuta ya kupokelea oda: 1,000,000

Jumla milioni 8. Mwenye biashara hiyo, ukimuuliza barabarani, atakwambia "vitu vya kama milioni tatu hivi", kwa sababu alivinunua kimoja kimoja kwa miaka minne na kila kimoja amekisahau.

Kwa kila mstari jiulize: hiki kikitoweka kesho, kazi inasimama? Naweza kukirudisha ndani ya mwezi bila mkopo? Vinavyosimamisha kazi na huwezi kuvirudisha ndivyo vya bima. Vilivyobaki viachie akiba, au mfuko wa jamii wa kikundi chenu cha VICOBA kama unaruhusu mambo hayo. Sioni aibu kusema kwamba biashara nyingine za nyumbani hazihitaji bima ya mali kabisa. Anayesuka nywele kwa vidole vyake na kitana cha elfu mbili hana cha kukatia bima ya moto. Huyo afikirie afya yake kwanza, maana mikono ndiyo mashine.

Kinga zenyewe, moja baada ya nyingine

Moto na majanga mengine. Hii ndiyo bima ya msingi. Moto wa Soko la Kariakoo Julai 2021 na ule wa Karume Januari 2022 iliwashtua wafanyabiashara wa sokoni, na mwaka 2022 bima ya masoko ya umma na majengo ya biashara ikafanywa ya lazima. Anayefanyia kazi nyumbani hakuna anayemlazimisha, kwa hiyo anabaki na akili yake. Bima ya moto kwa kawaida huanza na moto na radi. Mafuriko, dhoruba, tetemeko la ardhi na ghasia huongezwa kwa kutajwa. Usidhani vimo. Kama unaishi Jangwani au popote kwenye bonde la Mto Msimbazi, kampuni inaweza kukataa mafuriko kabisa au ikakubali kwa eksesi kubwa. Hapo ni bora ujue mapema, upandishe friji juu ya matofali, uache kulipia kinga ya mafuriko ambayo hukupewa.

Umeme. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, kompresa ya friji inakufa. Mteja anakwenda na bima yake ya moto, anaambiwa hapana. Si ujanja wa kampuni peke yake: bima ya moto ya kawaida hulipa moto uliosambaa kutokana na hitilafu ya umeme, lakini haikilipi chenyewe kile kifaa kilichoungua ndani kwa sababu ya umeme wake. Kifaa hicho kinahitaji bima ya vifaa vya umeme. Na nyama, samaki au aiskrimu zilizoharibika kwa sababu friji lilizimika ni kinga ya tatu, ya bidhaa kuharibika kwenye ubaridi. Kwa mwenye friji moja, ushauri wangu ni kununua kifaa cha kulinda umeme kabla ya kununua bima hizo mbili. Mwenye friji sita za samaki aziulizie zote.

Wizi. Soma kwa makini mkataba unasema wizi wa namna gani. Mingi hulipa wizi wa kuvunja, yaani mwizi aingie au atoke kwa nguvu na aache alama: kufuli lililokatwa, nondo zilizopindwa, dirisha lililong'olewa. Nyumba yenye wateja wanaoingia na kutoka siku nzima huibiwa kwa njia nyingine. Simu inaondoka na mteja wa tatu wa asubuhi, mlango ukiwa wazi, na hakuna kilichovunjwa. Msaidizi akitoroka na fedha za mauzo, hiyo nayo ni bima nyingine kabisa, ya uaminifu wa wafanyakazi. Fedha taslimu za ndani ya droo huwa hazimo mpaka zitajwe na ziwekewe kikomo.

Mali za watu zilizo mikononi mwako. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hili ndilo pengo ambalo karibu kila fundi analo na wachache wanalijua. Fundi cherehani wa nyumbani, wiki mbili kabla ya harusi, ana vitambaa vya sare vya watu arobaini vimekunjwa kwenye meza ya chakula, kila kimoja na karatasi ya vipimo iliyobanwa kwa pini. Cherehani zake zinaweza kuwa za laki sita. Vitambaa vile, ambavyo si vyake, vinaweza kuwa na thamani mara mbili au tatu ya cherehani. Paa likivuja au moto ukitokea, bima yake ya mali inalipa mali zake. Bima ya dhima, ile ya madhara unayowasababishia wengine, nayo mara nyingi inasema wazi kwamba haihusu mali za watu ulizokabidhiwa. Vitambaa vinaanguka katikati. Kamati ya harusi haitajali ni kipengele kipi, itataka sare.

Fundi simu, fundi redio, dobi na anayekodisha magauni ya harusi ambayo ni ya mtu mwingine wote wamo kwenye shimo hilo. Dawa yake ni sentensi moja kwenye mkataba inayosema kwamba kinga inahusu pia mali za wateja zilizo chini ya uangalizi wako, pamoja na kiasi cha juu kitakacholipwa. Omba sentensi hiyo. Chagua kiasi kwa kufikiria mwezi wako wenye kazi nyingi kuliko yote. Ukichukua wastani wa mwaka, msimu wa harusi utakukuta wazi.

Dhima. Dhima ni wajibu wa kisheria wa kumlipa mtu uliyemdhuru au uliyemharibia mali. Mteja ameteleza kwenye ngazi ya baraza akavunjika mkono: hiyo ni dhima kwa umma. Wageni wa sherehe wameumwa matumbo baada ya kula ulichopika: hiyo ni dhima ya bidhaa, na mara nyingi inauzwa peke yake. Dawa ya nywele imemuunguza mteja kichwa: hiyo ni dhima ya huduma, na mikataba ya kawaida ya dhima kwa umma huitoa. Kwa hiyo mwenye saluni akinunua "bima ya dhima" bila kusema anatumia kemikali, amenunua kinga ya ngazi ya barazani tu. Anayelea watoto wa majirani mchana, naye asilale bila kinga hii. Hata kama hana mali ya kuungua, ana watoto wa watu.

Wanaoishi nawe na wanaokufanyia kazi kwa kawaida hawamo kwenye dhima kwa umma. Binti anayekusaidia kukanda unga kwa mshahara ni mfanyakazi. Kwa Tanzania Bara, mwajiri anatakiwa kujisajili kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa msaidizi anayelipwa 200,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 1,000. Sijui kinga nyingine ya bei hiyo.

Mizigo njiani. Keki ikianguka Ubungo kutoka kwenye bodaboda, bima ya ile pikipiki haiihusu. Bima ya lazima ya vyombo vya moto ni kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na chombo, keki haimo. Na gari lako likiwa limekatiwa matumizi binafsi huku kila Jumamosi linapeleka oda, rudi kwenye kisa cha fomu na tiki.

Kusimama kwa biashara. Ipo bima inayolipa faida uliyoikosa wakati unajenga upya. Inahitaji vitabu vya hesabu vilivyonyooka, kwa hiyo wengi wetu hatujafika huko.

Hesabu ya wastani, au kwa nini fidia huja nusu

Tumrudie mwoka keki. Mali zake ni za milioni 8. Ili apunguze ada, kwenye fomu ameandika milioni 5, akijiambia kwamba vyote haviwezi kuungua kwa pamoja. Moto unatokea na kweli haviungui vyote: hasara ni shilingi 3,200,000. Anajiona yuko salama, maana 3,200,000 ni ndogo kuliko milioni 5.

Kampuni inahesabu tofauti. Alikata bima ya sehemu tano kati ya nane za mali zake, kwa hiyo atalipwa sehemu tano kati ya nane za hasara: shilingi 2,000,000. Hii inaitwa kanuni ya wastani, na imo karibu katika kila bima ya mali. Ikiwa eksesi ni asilimia 10 ya fidia, 200,000 inakatwa. Anabaki na 1,800,000. Pengo la 1,400,000 ni lake.

Aliokoa nini? Tuseme, kwa mfano, ada ni shilingi 6 kwa kila 1,000 ya thamani. Milioni 5 ingekuwa 30,000 na milioni 8 ingekuwa 48,000. Tofauti ni 18,000, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu yake ni 3,240. Kwa shilingi 21,240 alizobakiza, amebeba hasara ya milioni moja na ushee. Tena kampuni nyingi zina ada ya chini kabisa ambayo hazishuki hapo; kwa biashara ndogo inawezekana hata hiyo 21,240 hakuiokoa.

Kosa la upande wa pili ni kutaja thamani kubwa kupita kiasi. Ukisema milioni 15 kwa mali za milioni 8, hutalipwa 15. Fidia inakurudisha ulipokuwa, haikutajirishi. Uliza pia kama fidia inahesabiwa kwa bei ya kitu kipya au kwa bei ya kitu kilichotumika. Oveni ya miaka saba inaweza kulipwa kama chakavu, na kwa fedha hiyo hutapata oveni.

Kwa ufupi: andika thamani ya kweli ya leo, ihuishe kila mwaka, na usichezee namba hiyo ili kupunguza ada. Ukitaka ada ishuke, kubali eksesi kubwa zaidi au ondoa kinga usiyoihitaji.

"Lakini nilikatwa bima kwenye mkopo"

Hili nalo husikika sana. Umechukua mkopo benki, kwenye karatasi umeona mstari wa bima, ukaamini biashara imekingwa. Bima hiyo ya mkopo kwa kawaida humlipa mkopeshaji ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, ili deni lisiwaangukie warithi. Ni kitu kizuri. Ila oveni ikiungua nawe u mzima, rejesho la mwezi linabaki pale pale. Benki nyingi sasa huuza bima kama mawakala wa kampuni, kwa hiyo dirisha lile lile linaweza kukupa bima ya mali pia. Iulizie kwa jina lake.

Kampuni, wakala na karatasi

Kuanzia mwaka 1967 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake sokoni Tanzania Bara, mpaka sheria ya 1996 ilipofungua mlango kwa kampuni binafsi. Leo kampuni ni nyingi, na zote zinasimamiwa na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Anayekuuzia anaweza kuwa wakala, anayeiwakilisha kampuni, au dalali, ambaye kazi yake ni kukutafutia wewe kinga inayokufaa katika kampuni mbalimbali. Kwa biashara yenye mambo mengi dalali ana faida. Kwa biashara ndogo, wakala makini anatosha. Asiyependa bima ya kawaida kwa sababu za kidini anaweza kuulizia takaful, mpango ambao wanachama huchangia mfuko wa kusaidiana unaoendeshwa bila riba. Maswali ya sura hii yanabaki yale yale huko.

Kabla ya kutoa fedha, fanya haya:

1. Thibitisha kwamba muuzaji amesajiliwa na TIRA.
2. Lipa kwa akaunti au namba ya malipo ya kampuni, kamwe usilipe kwenye simu binafsi ya wakala. Kinga haianzi mpaka ada ilipwe.
3. Hakiki hati uliyopewa kwenye mfumo wa TIRA-MIS.
4. Dai mkataba wenyewe. Kipeperushi na risiti havitoshi. Anza kuusoma kwenye ukurasa wa mambo yasiyokingwa.

Angalia pia masharti. Ukiandikiwa kwamba lazima uwe na kizimamoto kilichokaguliwa, au nondo madirishani, au mitungi ikae nje, hayo si mapendekezo. Ukiyavunja, dai lako linaweza kuanguka hata kama moto ulisababishwa na kitu kingine. Sharti usiloweza kulitimiza, lipinge kabla ya kusaini.

Siku ya hasara

Okoa watu, piga 114 kwa Zimamoto, kisha toa taarifa polisi na upewe RB, yaani namba ya taarifa yako, kama ni wizi au moto. Ijulishe kampuni siku hiyo hiyo, kwa ujumbe wa maandishi unaobaki kwenye simu. Usifagie majivu wala kutupa mabaki mpaka mkadiria hasara afike; friji lililoungua, hata kama linanuka, ni ushahidi wako. Zile picha ulizopiga chumba hadi chumba, risiti za mashine ya EFD kutoka Kariakoo na daftari la mauzo viwe vimehifadhiwa nje ya nyumba: kwenye barua pepe, au kwa dada yako. Risiti zilizokuwa kwenye droo iliyoungua hazimsaidii mtu.

Kampuni ikikataa kulipa, dai sababu kwa maandishi, na kipengele cha mkataba inachokitegemea. Usiporidhika, andika malalamiko kwa uongozi wa kampuni, kisha peleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa ili mtu wa kawaida asilazimike kuanza na mahakama na wakili.

Biashara inakua, mkataba umelala

Mkataba unaijua biashara kama ilivyokuwa siku uliposaini. Miezi mitano baadaye Ramadhani inakaribia, umeongeza friji la pili, umemchukua msaidizi, umehamishia mitungi miwili uani. Hayo yote ni mabadiliko ambayo kampuni inatakiwa kuyajua sasa. Kusubiri mwisho wa mwaka ni kuchelewa. Mtumie wakala ujumbe, taja kilichoongezeka na thamani yake, lipa tofauti ya ada kama ipo, na udai nyongeza ya mkataba, karatasi fupi inayoeleza badiliko hilo na tarehe linapoanza. Wakala akikujibu kwa simu kwamba "haina shida, mama, nimeshaliona", mwombe aliandike.